Kilio cha Kazungu, Upande wa Tatu

Kadii, mjane wa Mzee Kiponda (Mama Kazungu),
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Kakuyuni, Malindi,
Kenya.

14 Oktoba 2025

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni iliyotoa upya sahani ya wale vijana wanne wa nyumba ya Casuarina,
Uingereza.

Bwana Mkurugenzi,

MINT: KUONDOLEWA KWA MWANANGU KATIKA SAHANI YA MUZIKI BILA YEYE WALA MIMI KUULIZWA

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, na nadhani ndivyo, maana nimetimiza sabini na nne, basi marahaba, nimeipokea hata kabla hujaitoa. Natumaini hujambo, mkeo hajambo, na watoto wanakula vizuri. Sisi huku Kakuyuni tu wazima wa mwili. Wa roho ndio nakuja kukueleza.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Binti yangu Pola aliniambia, "Mama, hao ni Waingereza, wacha nikuandikie mimi kwa lugha yao." Nikakataa. Vijana wenu walipokuja kwetu walikuja na Kiingereza chao, na sisi tukahangaika nacho mpaka tukajua kila mmoja anataka yai lake limeiva kiasi gani. Sasa ni zamu yenu kuhangaika. Tena mimi nimesoma mpaka darasa la sita, na mwalimu wetu alikuwa akilishika daftari langu juu ili wenzangu waone mwandiko. Kwa hiyo huwezi kusema hukuweza kusoma.

Nianze mwanzo, usije ukadhani ni mtu tu ameamka na kulalamika.

Mwezi wa Agosti mwaka 1975 vijana wanne wa Kiingereza, wenye nywele ndefu kuliko zangu, walipanga nyumba Malindi upande wa Casuarina. Walikuja na masanduku kumi na saba ya mitambo. Nayajua kwa sababu niliyapangusa vumbi yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafulia. Waliziba madirisha ya sebule kwa magodoro, wakajifungia humo na magitaa ya umeme na ngoma mchana kutwa, mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga. Muziki wao waliuita roki. Mimi niliuita kelele, lakini nilisema moyoni, kwa sababu walikuwa watoto wa adabu.

Nilikuwa nikienda kazini na mwanangu Kazungu mgongoni. Alikuwa na miezi minane, meno ya juu ndiyo yanatoka. Pola naye nilikuwa naye, ana miaka minne, nilimchukua ili amshike mdogo wake mimi nikiwa kwenye karai. Lakini hilo halihusiani na barua hii.

Basi siku moja walikuwa wanapiga ule wimbo mrefu ambao mwishoni vyombo vinaondoka kimoja kimoja, kama watu wanavyoaga matangani. Pakawa kimya kabisa. Hapo ndipo Kazungu, kule baraza ya nyuma, alipofungua kinywa. Alilia, Bwana Mkurugenzi! Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, wala hakutetereka popote. Shuka lilinidondoka mchangani, nikajua kazi imekwisha. Mlango ukafunguliwa, akatoka yule mwimbaji, nikamwomba radhi kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Akacheka. Akaninyanyulia kidole gumba. Akampa Kazungu biskuti, Pola naye akapata nusu. Na kile kilio hawakukifuta. Walikiacha kwenye muziki wao, mwisho wa upande wa tatu, dunia nzima isikie.

Mwaka uliofuata uliletwa mzigo wangu. Sahani mbili nyeusi ndani ya ganda moja linalofunguka kama kitabu, na picha ya kiti kitupu juu ya mchanga. Nyuma ya kiti inaonekana kamba yangu ya kuanikia. Jina la sahani ni refu na la Kiingereza, sisi huku tunaiita Sahani ya Kazungu. Kisanduku cha kuichezea walikuwa wameshaniachia walipoondoka, kile chenye spika moja ndani ya kifuniko. Kila Krismasi tulikaa uani, tukaweka sindano upande wa tatu, tukavumilia zile ngoma dakika kumi na tatu, kisha tukanyamaza. Sahani ilikuwa inachachatika kama samaki yuko kikaangoni, lakini katikati ya ule mchachatiko mwanangu analia, nami nanyoosha kidole: "Huyo! Mnamsikia?" Watu walitoka mpaka Ganze kuja kusikia.

Mvua za El Niño mwaka 1997 ziliangusha ukuta juu ya kabati. Sahani ilivunjika, kisanduku kilivunjika. Tangu hapo ushahidi uliobaki ni mdomo wangu.

Sasa tufike panapouma. Kiongozi wa kwaya yetu amestaafu, na kanisa linataka mwingine. Majina yaliyopendekezwa ni mawili: mwanangu Kazungu, na Ziro wa Priscilla. Huyu Ziro aliwahi kuimba katika redio moja Mombasa, mara moja, nusu wimbo, halafu wakaingiza taarifa ya habari. Priscilla ametueleza habari hiyo mpaka mbuzi wa hapa wanaijua. Nami katika mkutano wa akina mama nikasimama, nikasema kwa upole kwamba redio ni ya Mombasa, lakini mwanangu yuko katika sahani ya Uingereza tangu hajaota meno ya kutosha.

Priscilla akajifunga leso vizuri, akaniuliza, "Hiyo sahani, mwenzangu, kuna mtu aliye hai aliyeisikia?"

Akina mama wakacheka. Walioisikia wengi wameshatangulia mbele za haki, na hawa wa sasa wanadhani ni hadithi ninayowatungia. Mchungaji Njenga, ambaye ametoka Murang'a na hupenda kila jambo liwe na karatasi yake, akasema, "Mama, tusibishane. Lete hiyo sahani, tuisikilize sote." Basi ikawa hivyo. Nikikosa sahani, mwanangu amekosa uongozi, na mimi ni mwongo wa miaka hamsini.

Aliyeipata ni Pola. Yeye hufanya kazi ya dobi katika hoteli moja Malindi, na mgeni mmoja mzee alimwambia kwamba sahani ile imetolewa upya mwaka huu kwa sababu imetimiza nusu karne tangu ipigwe. Pola hakusema neno nyumbani. Aliniletea siku moja ikiwa bado kwenye nailoni, nzito kama sinia, inanukia upya. Nililia. Nikaipeleka kanisani kichwani.

Fundi wetu wa mitambo ni Bwana Eugene, mtu mzima mwenye familia, hana mchezo. Aliazima mashine ya kuchezea sahani kutoka Malindi, akaiunga na spika zetu mbili kubwa. Kwa desturi yetu spika moja hukaa ndani kwa ajili ya waliookoka, na ya pili huwekwa nje mlangoni, ikitazama barabara, kwa ajili ya wanaopita na kujifanya hawasikii. Yote yalikuwa tayari. Jumapili ya juzi, tarehe kumi na mbili, baada ya sadaka, nilisimama mbele ya watu mia mbili nikawaambia, "Sasa mtamsikia."

Tukavumilia ngoma dakika kumi na tatu. Pakawa kimya.

Pakaendelea kuwa kimya.

Bwana Mkurugenzi, kimya hicho nakisikia mpaka sasa nikiandika. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole. Katikati ya kimya hicho, ili aibu inizidi, Kahaso anayeuza mahamri ng'ambo ya barabara akaingia mbio kanisani na mikono ina unga, akapiga kelele, "Nani kaacha mtoto juani?" Mzee wa zamu akamshika bega akamtoa nje, maana kila jambo lina wakati wake. Na Priscilla, aliyekuwa safu ya nyuma yangu, akaniinamia sikioni, "Pole, Mama Kazungu. Labda mtoto alishiba, akalala."

Kwa sababu hiyo nina malalamiko yafuatayo, nayo nimeyapa nambari ili usijifanye umeruka moja.

1. Mmemwondoa mwanangu. Pola amenisomea maneno yaliyo nyuma ya ganda. Mnajisifu kwamba sauti yote "imesafishwa upya" kutoka katika kanda za awali. Nauliza kwa heshima: nani aliyekuambia kwamba Kazungu ni uchafu? Asubuhi ya siku ile nilimwogesha kwa maji ya moto na sabuni, nikampaka mafuta ya nazi mpaka kwenye visigino. Katika nyumba ile aliyekuwa msafi kuliko wote alikuwa yeye. Mpiga ngoma wenu alikaa siku nne na shati moja. Nilimfulia mimi, nina haki ya kusema. Na ngoma zake mmeziacha.

2. Hamkuishia kwa Kazungu. Mmemwondoa hata mwimbaji. Siku ile ndani ya kanisa tulisikia ngoma, tukasikia gitaa moja nene, basi. Yule kijana aliyetoa biskuti hatukumsikia hata neno. Ajabu ni kwamba vijana wa bodaboda waliokuwa nje walikuwa wanaitikia wimbo na kupiga makofi, sijui waliupata wapi, nadhani kwenye simu zao. Je, mwenyewe anajua? Kama anajua na amenyamaza, basi umri umempunguza moyo. Kama hajui, naomba unipe anwani yake nimwandikie, nimfariji, maana sasa tuko safari moja.

3. Hapo alipokuwa mwanangu mmeacha kimya, halafu mnakiuza. Bwana Eugene amenisomea kwenye simu kwamba wajuzi wa muziki wa roki wanasifu sana mwisho wa upande wa tatu, wanasema kimya kile kina uzito. Naomba tufikiri pamoja, polepole. Kile kimya kililetwa na nani? Kazungu alipoanza, mpiga gitaa alishusha mikono na mpiga ngoma akabaki na fimbo hewani. Nilichungulia penye pengo la godoro, nikaona kwa macho yangu. Sasa mtu anayeanza watu wakanyamaza, na akimaliza watu wakapumua, anaitwa nani? Si ndiye kiongozi? Kwa hiyo mwanangu, akiwa na miezi minane, aliongoza Waingereza wanne watu wazima ambao hawakuwa na lugha moja naye. Na leo anaambiwa hawezi kuongoza watu ishirini na watatu wa Kakuyuni wanaomjua tangu utotoni!

4. Kwenye ganda mmeandika majina ya watu wote waliosaidia. Pola aliyahesabu. Yupo dereva. Yupo mpishi. Yupo mbwa. Nimemuuliza Pola mara mbili kama ni mbwa kweli, akasema ndiyo, Mama, mbwa. Namkumbuka mbwa huyo. Alikuwa analala. Kazungu hayumo.

5. Heshima yangu. Tangu Jumapili nikipita sokoni kuna watu wanalia kama watoto wachanga, halafu wanatazama kando. Priscilla amekuja kusaga mahindi kwa Kazungu siku mbili mfululizo, na kila mtu anajua kwamba kwake hawali ugali kiasi hicho. Anakuja ili aniulize kama mtoto ameamka. Mimi ni mwanamke niliyekuwa nikiaminiwa. Mtu akiniuliza mvua itanyesha lini nilikuwa nasema, na watu wanapanda. Sasa nikisema nina homa, wananigusa kwanza.

6. Hili ni zito, naomba ulisome umekaa. Mmemvunja moyo mwanangu. Jumapili ile ile aliniambia, "Mama, si tumuachie Ziro? Mimi niache na mashine yangu." Huo ndio unyenyekevu wake. Kazungu ana miaka hamsini, ana mashine ya kusaga hapa Kakuyuni, na sauti yake imekomaa kwa kushindana na injini. Mchungaji aliwahi kumweka karibu na mlango ili sauti yake ipate nafasi. Akianza kuimba watu hufumba macho, wengine huinamisha kichwa kabisa mpaka amalize. Kuna wasio na adabu wanaosema huimba njia yake na kwaya njia yao. Nasema ni kwaya iliyopotea. Mtu mwenye kipaji kama hicho, leo anataka kurudi kwenye pumba, kwa ajili ya mashine yenu ya kusafishia!

7. Pola pia imemuumiza, kwa sababu yeye ndiye aliyeitafuta sahani. Anaimba naye, mstari wa nyuma kabisa, hana makuu. Hajasema lolote. Nimemtaja tu.

Baada ya hayo nina maombi, nayo si mengi ukilinganisha na nilivyotendewa.

Kwanza, mtoe sahani hiyo mara ya tatu, na safari hii mwanangu awemo. Msimpunguze. Mkiweza muongezeni kidogo, maana hata pale mwanzo nilihisi alikatizwa.

Pili, jina lake liandikwe kabla ya la mbwa.

Tatu, umwandikie Mchungaji Njenga barua yenye muhuri, ukieleza kwamba kosa ni lenu na kwamba Mama Kazungu hakusema uongo. Muhuri ukiwa mwekundu ni bora, huku wanauheshimu zaidi. Barua ifike kabla ya Jumapili hii tarehe kumi na tisa, ambayo ndiyo siku ya kumchagua kiongozi.

Nne, kama kanda zenu mmeshaziharibu na kilio hakipatikani tena, usihangaike. Njooni nacho chombo. Nyumba ile bado iko, baraza ya nyuma bado iko, na Kazungu mwenyewe yuko. Atalia upya. Ni kweli sasa ana ndevu, lakini pumzi zimeongezeka, na nitamkalisha mahali pale pale. Kama meno ndiyo yaliyosaidia mwanzo, lipo gego moja linalomsumbua tangu Pasaka, nimemwambia asiling'oe kwanza.

Tano, kama yule mwimbaji mliyemwondoa amezeeka na hawezi tena kurudi mahali pake, Kazungu anaweza kushika zile nafasi zake pia. Anazijua. Amezisikiliza Krismasi ishirini na moja. Kisha jina la sahani mtaamua wenyewe, mimi nimeshakuambia sisi huku tunaiitaje.

Sina ugomvi na mtu. Nimekufungulia moyo kama ninavyomfungulia jirani aliyechukua sufuria akasahau kuirudisha.

Nisalimie mpiga ngoma, mwambie mashati yawe zaidi ya moja. Nisalimie mpiga gitaa, yule aliyekuwa anaogopa mijusi. Nisalimie mwimbaji sana sana, mwambie biskuti haikusahauliwa. Wape salamu mkeo, watoto wako, na hata yule fundi wa kusafisha sauti, kwa sababu naye alizaliwa na mama, na hakuna mama aliyemfuta. Kazungu anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Pola anakusalimu, yeye ndiye aliyeninunulia karatasi.

Mimi niliyefua mashuka ya sahani hiyo tangu ya kwanza mpaka ya mwisho,

Kadii, Mama Kazungu.

NYONGEZA, 20 Oktoba. Bwana Mkurugenzi, leo ni Mashujaa, posta imefungwa, na barua bado ninayo. Afadhali, maana kuna mambo yametokea.

Alhamisi Kahaso wa mahamri alinipitia nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mama Kazungu, yule mtoto wa Jumapili alipatikana?" Nikamuuliza, mtoto gani tena? Akasema, "Yule aliyekuwa analia pale mlangoni pa kanisa. Sisi wa nje tulimtafuta mpaka tukachoka. Vijana wa bodaboda waliinua mabenchi yote. Niliingia kuwaambia nikafukuzwa."

Nikaiweka chini birika, nikamtuma mtu amwite Eugene. Alipomsikia Kahaso, Bwana Eugene alijipiga kofi la paji la uso ambalo hata jirani walilisikia. Akanieleza kwamba sahani hizi haziko kama mahubiri ya mchungaji, ambayo yakitoka ndani ni yale yale yanayotoka nje. Sahani za namna hii hugawa. Spika ya kulia ina vyombo vyake na ya kushoto ina vyake. Kile kisanduku changu cha zamani kilikuwa na spika moja, kikavichanganya vyote pamoja. Kanisani sisi waliookoka tulipewa ngoma, na waliokuwa barabarani wakapewa mwimbaji, gitaa la pili na Kazungu.

Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya, spika zote mbili ziliingizwa ndani. Kwaya ilikuwapo, mchungaji alikuwapo, Priscilla alijileta mwenyewe. Dakika kumi na tatu. Kimya. Halafu Kazungu akalia, Bwana Mkurugenzi, karibu hivi, kana kwamba nimembeba! Nikanyoosha kidole. "Huyo! Mnamsikia?" Wote walimsikia. Priscilla alisema, "Haya, mwenzangu, yupo," na mimi nikamsamehe papo hapo, nusu.

Ningeomba sahani iishe hapo, lakini haikuisha. Ile ya zamani ilikuwa inachachatika mno hapo mwisho, hatukuwahi kusikia kitu zaidi. Hii yenu ni safi. Chini ya kilio kuna sauti nyingine, ndogo, ya mtoto wa kike. Inaimba. Inamwambia mdogo wake kwa Kigiriama chetu cha nyumbani kwamba anyamaze, mama anaanika, mama anakuja. Kilio kikipanda nayo inapanda, inakipokea, inakishusha taratibu. Mpaka kilio kikakubali, kikaisha. Kile kimya wanachokisifu wajuzi wenu kililetwa na yeye.

Kazungu ndiye aliyesimama, akatazama mstari wa nyuma, akasema, "Mama, mimi humo nalia tu. Anayeimba ni dada."

Pola alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mchungaji Njenga alivua miwani, akamwita mbele, akamwomba aimbe yale maneno tena, kama anayakumbuka. Aliyakumbuka yote. Miaka hamsini nimenyoosha kidole kwa anayelia, na aliyekuwa akimbembeleza alikuwa amekaa ubavuni mwangu anasikiliza pamoja nami. Nilimuuliza kwa nini hakusema hata siku moja. Akasema, "Mama, ulikuwa unafurahi."

Jana Jumapili kiongozi wa kwaya alichaguliwa. Ni Pola. Ziro mwenyewe alinyoosha mkono, na mama yake akanyoosha miwili. Kazungu amefurahi kuliko wote. Leo asubuhi amekwenda kung'oa lile gego.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza, ya pili na ya tano nayafuta. La tatu badilisha jina tu. La sita na la saba yamejifuta yenyewe. Wale waliosafisha wapewe shukrani zangu, wafanye hivyo hivyo kwa sahani nyingine, huenda na humo kuna mtoto wa mtu. La nne silitoi: kabla ya mbwa andika Pola Kiponda, mwimbaji.

Barua nakutumia hivi hivi, kwa sababu mwandiko umetoka vizuri na sina karatasi nyingine. Huku Kakuyuni wapo wanaosema kwamba Mama Kazungu alikosea. Usiwasikilize. Mimi tangu mwaka 1976 nasema kwamba katika sahani ile yumo mwanangu anayewaongoza Waingereza. Sikusema ni yupi.

Mama Pola.